Namba za Nyuma ya Mlango

Shangazi yangu ni mwoga. Sisemi hivi kumteta. Yeye mwenyewe huwaambia wageni kabla hawajamaliza kuvua viatu. Anaogopa radi, ngazi, daktari wa meno, na paka wa jirani mwenye jicho moja. Akitoka nyumbani hurudi mara mbili kuhakikisha amezima pasi, na pasi yenyewe aliigawa miaka mitatu iliyopita kwa sababu hiyohiyo. Kazini walimbandika jina la Wasiwasi, nasi nyumbani tukalipokea kwa mikono miwili.

Mtu huyo ndiye aliyekabidhiwa betri ya mji mzima.

Usicheke. Alianza kazi kama msoma mita, akizunguka mitaani na daftari, na kwa vile anaogopa mbwa alijifunza kusoma mita kwa mbali kupitia matundu ya geti. Baadaye akahamishiwa kituo cha kupoza umeme, ambako jasiri mmoja alishika asichopaswa kushika, wakaenda kumzika. Shangazi alipima kila waya mara tatu kabla ya kuusogelea, na miaka kumi na tisa ilipita bila hata lengelenge moja kidoleni. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Kwa hiyo mji ulipojengewa uwanja wa paneli za jua, na kando yake makontena kumi na mawili meupe yaliyojaa betri, wakubwa walitafuta mtu asiye na papara wa kuyalinda, wakampata yeye.

Kazi ya betri ile haina uchawi. Mchana jua likizidi matumizi, umeme unaingia humo; jioni watu wakiwasha taa na majiko kwa mpigo, unatoka. Laini kuu inayotoka mbali ikianguka, betri inaushika mji peke yake. Kompyuta ndiyo inayoamua kiasi gani kiingie na kiasi gani kitoke, na akiba ikiwa ndogo ndiyo inayochagua mtaa upi uzimwe kwanza. Hospitali iko mwisho wa orodha. Yote hayo inayaamua kwa kutazama namba moja, asilimia ya akiba iliyobaki.

Tatizo ni kwamba kompyuta haioni ndani ya betri. Inafanya kama mtu anayehesabu vikombe vya unga vinavyoingia na kutoka kwenye pipa bila kufunua kifuniko. Leo anakosea nusu kikombe, kesho kikombe, na baada ya miezi anakuapia pipa limejaa nusu kumbe umebaki unga wa kukwangua. Dawa yake ni moja. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi betri inashushwa mpaka karibu na sifuri, kisha inajazwa mpaka juu kabisa, ili kompyuta ijue tena chini ni wapi na juu ni wapi. Wanaliita jaribio. Kulifanya ni kazi ya shangazi, na kusaini kwamba limefanyika ni kazi yake pia.

Jaribio la kwanza kabisa alilifanya pamoja na mafundi waliojenga kituo. Namba ilipokuwa ikishuka kwenye skrini, yeye hakuiamini. Alikuwa na kipimo chake cha mkononi, akawa anapima volti za kabati la saba, moja ya makabati ya chuma yaliyobeba betri ndani ya kontena, kila baada ya muda, na kuziandika kwa kalamu ya wino mzito nyuma ya mlango wa kabati: volti hizi, asilimia hizi, mpaka chini. Mafundi walimcheka. "Mama, yote hayo yamo kwenye kompyuta." Akawajibu kwamba hata kompyuta siku moja itaugua, nayo itahitaji mtu wa kuipima homa. Namba zile zikabaki pale mlangoni kwa hati yake ya msoma mita.

Lakini jaribio lenyewe alilichukia. Kwa saa tatu nne za Jumapili ile mji unabaki bila akiba, na laini kuu ikianguka hapo, hakuna pa kukimbilia. Shangazi aliziogopa saa hizo kuliko mbwa wote wa mji. Jasho lilimtoka, na Jumatatu akawa hafai kwa lolote. Kisha mvua kubwa zikaanza, laini kuu ikawa inaanguka kila wiki. Jumapili ya kwanza ya msimu huo alilisimamisha jaribio, na kusema kweli alikuwa na haki. Shida ilikuwa fomu. Ina visanduku viwili, limefanyika na halijafanyika, na ukitia alama cha pili lazima uandike sababu. Sababu yake ilikuwa neno moja tu, naogopa, na hakuna ofisi inayopokea neno hilo. Akatia alama cha kwanza, akasaini.

Mwezi uliofuata mkono ulikuwa mwepesi zaidi. Kompyuta ilipomkumbusha kwa kisanduku cha njano, alibonyeza "sawa", kikaondoka. Mwezi wa tatu hivyohivyo. Wa nne, wa tano. Mimi nikilifikiria jambo hilo, mpaka leo damu inanichemka, kwa sababu mwezi huo wa tano ndio niliojifungua.

Mwanangu alikuja kwa miezi saba. Kilo moja na robo. Mume wangu alikuwa kazini mbali, barabara zimekatwa na maji, na baba yangu alishafariki zamani. Aliyenishika mkono nikijifungua ni huyo dada yake, shangazi Wasiwasi, aliyelia kwa sauti kuliko mimi mpaka mkunga akamwambia achague, azae yeye au atoke. Mtoto wakamweka kwenye kisanduku cha kioo chenye joto wanachokiita inkubeta, na mrija mwembamba wa oksijeni puani. Wodi ile ilikuwa na watoto sita wa namna hiyo. Mlio wa mashine zao ulinikaa kichwani hata nikifumba macho. Niliogopa zikilia, na zikinyamaza niliogopa zaidi.

Jenereta ya hospitali ilikuwa imefunguliwa matumbo, inasubiri kipuri. Daktari mkuu alitutoa hofu. "Msijali mama zangu, siku hizi tuna betri."

Siku ya tisa, kama saa nane mchana, mbingu ilikuwa nyeusi kama chini ya sufuria. Upepo ukaangusha nguzo ya laini kuu milimani. Taa za wodi zilipepesa mara moja, zikatulia. Betri ilikuwa imeushika mji, na sisi kina mama hatukujua lolote. Nilikuwa nahesabu pumzi za mwanangu, kama nilivyofanya mchana kutwa kwa siku tisa.

Kituoni kwake shangazi alijua. Yanayofuata alinisimulia yeye mwenyewe, kwa vipande, na mengine niliyasoma kwenye ripoti. Skrini ilionyesha akiba ya asilimia sitini na nne. Paneli, kwa wingu lile, hazikutoa kitu. Mafundi wa laini walisema nguzo itasimama saa kumi na nusu. Kompyuta ikapiga hesabu: akiba itafika saa kumi na moja na zaidi, hakuna haja ya kumzimia mtu. Mkuu wake, injinia aliyekaa makao makuu, ambaye walimpa jina la Asilimia kwa sababu hata akiulizwa hali ya watoto wake hujibu kwa asilimia, alituma ujumbe kwa wote: tulieni.

Shangazi hakutulia, hajawahi. Alichukua mwavuli na kipimo chake, akaenda kwenye kontena, akafungua kabati la saba. Akapima. Akageuka kutazama namba za nyuma ya mlango.

Skrini wakati huo ilisema hamsini na saba. Mlango ulisema ishirini na mbili.

Alipima tena, maana yeye hupima mara tatu. Mara ya tatu jibu likawa lilelile. Ishirini na mbili, na mji mzima unanyonya. Kwa mwendo ule akiba ingekwisha kabla ya saa tisa na nusu, na betri ile ikifika mbili hujizima yenyewe ili isiharibike, wala haiwaki tena mpaka laini kuu irudi. Mji ungezimika wote, na hospitali ndani yake.

"Nilijua mwanao yumo mle," aliniambia. "Nilijua, na bado nilikaa kimya dakika nne."

Dakika nne alisimama ndani ya kontena lile, mvua ikipiga bati. Aliogopa mambo mawili, na yote mawili yalikuwa makubwa. Akinyamaza, betri itajizima na mashine za wodini nazo, watu watasema kompyuta imekosea, na yeye atabaki na kazi yake na miaka sita iliyobaki kufikia kustaafu. Akisema, ataulizwa umejuaje, na kwa nini skrini inadanganya. Mficha maradhi kilio humfichua, ndivyo alivyotulea yeye mwenyewe, tena kwa kiboko.

Akapiga simu.

"Injinia, naomba ruhusa ya kuzima mitaa. Yote, isipokuwa laini ya hospitali."

"Bi mkubwa, umeanza tena?"

"Betri haina kitu, injinia. Kabati la saba linasoma ishirini na mbili kwa namba zangu za mlangoni."

"Mimi hapa naona hamsini na sita nukta tano. Wewe unaniambia ishirini na mbili kwa kuchungulia mlango? Wiki iliyopita uliniambia kontena linanuka moshi, ikawa ni wali wa mlinzi. Nizime viwanda na soko kwa sababu yako? Niambie kwa nini nikuamini wewe niache kioo cha kompyuta."

Sikiliza hapo. Miaka yote ile ya kupiga kelele juu ya kila kitu sasa ilikuwa imemgeuka. Alikuwa amebakiza jambo moja tu la kumfanya aaminiwe.

"Kwa sababu sijafanya jaribio," alisema. "Miezi mitano. Nimekuwa nasaini tu. Kioo hakijui kinachosema, na mimi ndiye niliyekifanya hivyo."

Alisikia mtu akisukuma kiti.

"Rudia," injinia akasema.

Akarudia, safari hii akilia. Kisha akaongeza, "Nifukuze kesho, baba. Leo heri nusu shari kuliko shari kamili. Niruhusu nizime."

"Zima," injinia akasema. Hakumwita bi mkubwa.

Kuzima kwa mkono si kubonyeza swichi ya sebuleni. Kila laini ina namba yake ya siri, na kompyuta, ambayo haikuona sababu, ilimuuliza kila mara: akiba ni asilimia hamsini na tano, una hakika? Ndiyo. Una hakika kabisa? Ndiyo. Vidole vilikuwa vimelowa jasho, akakosea namba mara mbili. Mtaa wa kwanza kuzima ulikuwa wake mwenyewe, pamoja na friji yake yenye nyama ya wiki nzima. Ukafuata wa soko, kisha wa viwanda, na meneja wa kiwanda kimoja akapiga simu kumtukana matusi ambayo shangazi amekataa kabisa kuyarudia mbele yangu.

Mimi nilikuwa dirishani. Kwa lile wingu kila duka lilikuwa limewasha taa, na wodi yetu iko ghorofa ya tatu, mji wote unauona. Nikaona taa za ng'ambo ya bonde zinazimika. Nikadhani ni macho yangu. Kisha soko, kibao cha duka la simu, saluni, vyote kwa pamoja. Kisha viwanda. Niliona giza linatujia mtaa kwa mtaa, nami sikujua kwamba kila mtaa uliozimika ulikuwa unamuongezea mwanangu dakika.

"Dada!" nilimwita muuguzi. "Dada, linakuja huku!"

Alikuja dirishani, akatazama, akabadilika uso. Ndipo nikaogopa hasa, maana wauguzi wana sura yao ya kazini na yeye ilikuwa imemtoka. Akarudi katikati ya wodi akapiga makofi mara moja. "Kina mama, fungueni vifua. Blauzi zote. Mashine zikizima, kila mtu atampokea mwanawe kifuani, ngozi kwa ngozi, ndilo joto tutakalokuwa nalo. Anayehitaji oksijeni nitamfikia na mfuko wa mkono wa kusukumia hewa." Mfuko ulikuwa mmoja. Waliohitaji oksijeni walikuwa watatu. Sote tulihesabu.

Tulikaa hivyo, vifua wazi, kila mmoja ameweka mkono juu ya kisanduku chake. Saa tisa ikapita. Mwenzangu wa kushoto alikuwa anasali, akikosea maneno na kuanza upya. Mimi sikuweza hata kusali. Nilikuwa namtazama mtoto wangu puani, pale mrija ulipoingia, nikimwambia Mungu jambo moja la aibu: kama mfuko ni mmoja, uje kwangu.

Saa kumi kamili, kituoni, namba kwenye skrini iliruka kutoka arobaini na tatu hadi saba. Haikushuka. Iliruka tu, mbele ya macho ya shangazi na ya makao makuu yote. Kompyuta ilikuwa imefika chini ya pipa, ikashtuka. Injinia alipiga simu. Akauliza, "Itafika?"

"Sijui," shangazi akasema.

Sita. Tano. Saa kumi na nusu ikapita na mafundi wa milimani wakasema nguzo bado, waya umeteleza matopeni. Nne. Alikuwa amekaa sakafuni, mgongo umeegemea mlango wenye namba zake. Aliniambia hakuwahi kuogopa vile maishani, na mimi namwamini, kwa kuwa namjua.

Tatu.

Wodini taa zilizima. Mashine zote sita zilinyamaza kwa pamoja, na nakuambia hakuna kelele duniani inayotisha kama kimya kile. Nilifungua kisanduku. Mikono yangu ilikuwa imeshamfikia, nimeshika mgongo wake mdogo kama kiganja, ndipo taa zikarudi na mashine zikaanza kulia moja baada ya nyingine. Laini kuu ilikuwa imerudi. Kule kukatika kulikuwa ni kubadilisha tu, sekunde tano au sita. Ilikuwa saa kumi na moja kasoro dakika kumi.

Shangazi alikuja hospitali jioni ileile na sare yake ya kazi, tope mpaka magotini. Nilimkumbatia, nikamwambia Mungu ametuokoa, betri imetuokoa. Akaniondoa mikono shingoni. Akanieleza yote palepale, amesimama miguuni pa kisanduku, hakuacha hata dakika zile nne. Nilimwambia atoke. Nilimwambia maneno mengine pia, na kati ya hayo lilikuwepo neno muuaji. Alitoka kinyumenyume, akigongana na kitoroli cha dawa.

Miezi mitatu hatukusemeshana. Walimsimamisha kazi bila mshahara, wakamshusha cheo, kisha wakamrudisha chini ya kijana ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha, kwa sababu hakuna mwingine aliyejua namba zile zina maana gani. Fomu imebadilishwa. Sasa jaribio linasainiwa na watu wawili, aliyelifanya na shahidi yeyote aliyeliona, na kisanduku cha "halijafanyika" hakidai sababu. Injinia aliagiza kila kabati liandikwe namba nyuma ya mlango.

Mwishowe mimi ndiye niliyekwenda kwake. Mtoto alikuwa amefika kilo nne, analia kwa sauti ya muuza samaki, na hasira yangu ilikuwa imechoka kuliko mimi. Tangu hapo Jumapili ya kwanza ya mwezi nakwenda kukaa naye kituoni wakati namba inaposhuka, maana bado inamtoa jasho. Binti yangu huyo ana miaka minne sasa. Humshika shangazi kidole na kumwuliza kwa nini anatetemeka, naye humjibu kwamba ni baridi.

Mwezi uliopita, namba ilipokwisha kushuka na kupanda tena mpaka juu, nilimwuliza jambo nililolibeba miaka yote hiyo. Mtoto alikuwa nje na mlinzi.

"Shangazi, zile dakika nne. Kama wangekuwa watoto sita wa watu wengine, ungepiga simu?"

Alipima kabati la saba, akatazama mlango, akapima tena. Akachukua fomu, akaweka alama kwenye kisanduku cha "limefanyika", akasaini, akanipa kalamu nisaini nafasi ya shahidi.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Hilo ndilo ninaloliogopa."